BREKI INAPOKUWA NZITO: SOMO KUHUSU BUSTA INAYOVUJA

Katika vyama vingi vya msingi vyenye gari la kuchukulia mazao, habari ya ubovu wa breki haifiki ofisini kwa maandishi. Dereva hurudi jioni, hukabidhi funguo, na wakati katibu ameinamia daftari la mapokezi, husema, “Ndugu Katibu, breki imekuwa nzito siku hizi.” Katibu hujibu kwamba jambo hilo litaangaliwa msimu ukipungua. Kesho yake gari hupakiwa tena. Hapana aliyedanganya, wala hapana aliyekwepa wajibu wake kwa makusudi; ila neno “nzito” halikueleweka na yule aliyeambiwa, na pengine hata na yule aliyelisema. Somo hili lakusudia kulieleza neno hilo, ili katibu ajue ni wakati gani gari lisimamishwe, fundi aulizwe nini, na fedha za wanachama zilipie kitu gani.

Magari yanayohusika ni pikapu, Land Rover, Land Cruiser na malori ya tani mbili hadi nne yenye umri mkubwa, ambayo breki zake huendeshwa kwa mafuta na kusaidiwa na busta. Malori makubwa ya breki za upepo, yale yanayofoka hewa dereva anapoachia pedali, yana mtambo mwingine kabisa na hayamo katika somo hili.

Dereva anapokanyaga breki, nguvu ya mguu husukuma mafuta katika masta silinda, nayo mafuta hupita katika mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu, yakavibana viatu vya breki kwenye dramu au pedi kwenye diski. Kwa gari dogo lisilo na mzigo nguvu ya mguu yaweza kutosha. Kwa gari lililobeba tani tatu za kabichi haitoshi. Ndiyo sababu mtambo wa kuusaidia mguu ulibuniwa katika miaka ya 1920. Mbelgiji Albert Dewandre ni mmoja wa waanzilishi wake, na kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mtambo wa namna yake mwaka 1927. Kanuni yake haijabadilika.

Busta ni chombo cha bati cha mviringo kilicho baina ya pedali na masta silinda. Kwa sura chafanana na sufuria mbili zilizogeuziana midomo na kubanwa ukingoni. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachoigawa nafasi hiyo kuwa vyumba viwili. Bomba la mpira hutoka upande wa injini hadi chumba cha mbele, na kwa njia hiyo hewa hunyonywa mpaka ndani ya busta pakawa na ombwe, yaani hali ya kupungukiwa sana na hewa. Mafundi wengi huita vakyumu. Pedali isipokanyagwa, vyumba vyote viwili huwa na ombwe sawasawa, na kiwambo hutulia. Ikikanyagwa, vali ndogo iliyo nyuma ya busta huifunga njia baina ya vyumba hivyo na kuiruhusu hewa ya nje iingie chumba cha nyuma. Hewa hiyo, kwa kuwa upande wa pili haikuti mpinzani, hukisukuma kiwambo mbele, na kiwambo hulisukuma fimbo la masta silinda pamoja na mguu wa dereva.

Kwa hiyo kinachomsaidia dereva ni uzito wa hewa hii hii ya kawaida, na si injini yenyewe. Kazi ya injini ni kuiondoa hewa upande mmoja tu. Msaada huo si mdogo. Kiwambo chenye upana wa sentimita 23 kina eneo la sentimita za mraba 415 hivi. Hewa ikisukuma kwa nusu kilo tu katika kila sentimita ya mraba, nguvu yote hupita kilo 200, sawa na kuweka magunia mawili ya mahindi juu ya fimbo lile. Busta ikivuja, magunia hayo mawili huondolewa, na mguu wa dereva hubaki peke yake. Hiyo ndiyo maana ya breki nzito.

Vyama vya nyanda za juu vina sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Lushoto, penye kimo cha mita 1,400 hivi, msukumo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko Tanga mjini. Mbeya, penye mita 1,700 hivi, upungufu wakaribia sehemu moja kwa tano. Busta nzima huumudu upungufu huo. Busta inayovuja kidogo, ambayo pwani dereva asingeitambua, huku juu hudhihirika, tena mahali ambapo barabara ina miteremko mirefu.

Ombwe hupatikana kwa njia mbili, na katibu hana budi kujua gari la chama chake latumia ipi. Injini ya petroli hunyonya hewa kupitia kabureta, na nyuma ya kabureta, katika manifoldi, ombwe hujitokeza lenyewe. Bomba la busta huchomekwa hapo. Injini ya dizeli haina ombwe la namna hiyo, kwa hiyo hupewa pampu. Katika magari mengi ya Kijapani ya dizeli ya zamani pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta, na huzungushwa na mkanda ule ule unaochaji betri. Jambo hili lapaswa kuelezwa kwa kila dereva, maana mkanda ukikatika, betri hukosa chaji na breki hukosa msaada kwa wakati mmoja. Dereva anayeona taa nyekundu ya chaji ikiwaka na kusema kwamba mchana hahitaji taa za barabarani, hajui kwamba breki zake zimebakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu.

Akiba hiyo yatokana na vali ya upande mmoja, kitu kidogo cha plastiki au chuma kilichochomekwa penye shingo ya busta au ndani ya bomba lake. Vali hiyo huruhusu hewa kutoka katika busta kwenda upande wa injini, lakini hairuhusu irudi. Injini ikizimika ghafla, ombwe hubaki limefungiwa ndani, nalo hutosha kulisimamisha gari ikiwa dereva atakanyaga kwa mkazo mmoja bila kuachia. Akikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, huimaliza akiba kabla gari halijasimama. Na ikiwa busta inavuja, akiba huwa imekwisha hata kabla hajakanyaga mara ya kwanza.

Ipo desturi moja ambayo wenye vyama waijua sana ingawa haizungumzwi mikutanoni: dereva kuzima injini mteremkoni ili abane mafuta, au kuweka gia huru na kuliacha gari liporomoke. Ichukuliwe mfano wa gari la chama lishukalo kutoka Lushoto kwenda Mombo. Njia hiyo huteremka karibu mita 1,000, nayo ina kona nyingi kali kupitia Soni. Injini ikizimwa, hakuna kinachonyonya hewa; gia ikiwa huru, hakuna kinachoshikilia mwendo isipokuwa breki. Kona tatu za kwanza dereva hufaulu. Kona ya nne pedali huwa ngumu kama jiwe. Dereva wa namna hiyo hufikiri breki zimekatika, huanza kuipiga pedali kwa hofu, kumbe mafuta yamo, viatu vimo, na kilichokosekana ni hewa ya kusukuma. Lita mbili za dizeli alizookoa haziwezi kulinganishwa na mali iliyo nyuma yake, wala na watu wanaokwea juu ya mzigo ingawa wamekatazwa.

Sababu za busta kuvuja ni umri zaidi kuliko kitu kingine chochote. Mpira hukauka, hupasuka, hulainika kwa mafuta. Huko Ulaya na Marekani wako watu wenye magari yaliyojengewa nyumba juu yake, yenye vitanda na jiko, wanayosafiria wakati wa likizo. Mengi yamejengwa juu ya fremu za malori madogo. Hukaa miezi ya baridi bila kutembea, kisha hutolewa yakiwa yamejaa mzigo karibu na mwisho wa uwezo wake. Wenye magari hayo yaliyozeeka hupambana na ubovu huu huu. Gari la chama lina maisha yanayofanana nayo: baada ya msimu hulala kando ya ghala, panya wakatafuna, jua likakausha mpira, na siku ya kwanza ya mapokezi hutakiwa libebe tani kamili. Gari litembealo kila siku hutoa dalili kidogo kidogo. Hili hutoa dalili zote siku moja.

Majaribio ya kuitambua busta mbovu hayahitaji chombo chochote, na katibu aweza kuyashuhudia uani pa ofisi bila kuwa fundi. Gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa magogo au mawe, na gia iwe huru.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Kisha auache mguu juu yake kwa mkazo wa kawaida na awashe injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu mara tu ombwe linapoingia. Isipozama, ama ombwe halifiki, ama busta haifanyi kazi.

Pili, injini iachwe inguruma dakika moja au mbili, kisha izimwe. Dereva akanyage taratibu, kwa nafasi, mara kadhaa. Mara ya kwanza pedali hushuka sana. Ya pili kidogo zaidi juu. Ya tatu juu zaidi. Ikiwa ni ngumu tangu mara ya kwanza, akiba imevuja.

Jaribio la tatu ndilo linalosahauliwa na mafundi wengi, nalo hufichua kiwambo kilichoanza kutoboka. Injini ikinguruma, dereva akanyage na kushikilia. Bila kuondoa mguu azime injini na kushikilia hivyo kwa nusu dakika. Pedali haipaswi kusogea. Ikianza kuurudisha mguu juu, busta inavuja wakati wa kazi, hata kama majaribio mawili ya kwanza yalionekana mazuri.

Pedali laini inayozama mpaka chini ni ugonjwa mwingine: hewa imeingia katika mafuta ya breki, au mafuta yanavuja. Na pedali ngumu kwa gari lililofaulu majaribio yote matatu yaelekeza penye magurudumu, kwenye viatu vilivyong’aa au silinda zilizoganda. Katibu anayejua tofauti hizi hawezi kuuziwa busta kwa ugonjwa wa viatu.

Kuitafuta tundu kwaanzia kwenye kitu cha bei ndogo. Bomba la mpira lipinde kwa mkono kila mahali, hasa penye ncha zake na mahali linapogusana na injini yenye joto. Nyufa huonekana likikunjwa, wala si likinyooka. Zipo karakana ambako fundi hupaka povu la sabuni kama anayetafuta pancha. Atasubiri bure, kwa maana hapa hewa huingia, haitoki, na povu halivimbi. Afadhali achukue kipande cha bomba jembamba la mpira, ncha moja sikioni na nyingine aitembeze juu ya bomba la busta huku injini ikinguruma. Penye tundu atasikia mluzi. Katika injini ya petroli kuna dalili nyingine: hewa inayoingia kwa wizi huvuruga silensa, injini ikatetemeka au kutaka kuzima, hasa pedali inapokanyagwa. Fundi asiyejua hulitibu tatizo hilo kwa kupandisha silensa kwenye kabureta. Injini hutulia, mafuta huzidi kuliwa, na tundu hubaki pale pale.

Vali ya upande mmoja hung’olewa na kupulizwa kwa mdomo. Kwa upande wa busta pumzi inapaswa kupita. Kwa upande wa injini inapaswa kukwama. Ikipita pande zote, haifai. Mpira mdogo unaoizunguka vali penye shingo ya busta nao uangaliwe, maana mara nyingi ndio wenye kosa, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kuufuata mjini.

Bomba na vali vikiwa vizima, busta yenyewe ndiyo hushukiwa. Dereva akikanyaga na kushikilia, na mfoko wa hewa ukaendelea kusikika karibu na miguu yake, kiwambo au vali ya ndani imekwisha. Mfoko mfupi wa mara moja ni wa kawaida na haumhangaishi mtu. Katika baadhi ya malori ya zamani busta haiko penye pedali bali imening’inia chini ya fremu, nayo mafundi huiita haidrovaki. Hiyo hupigwa na matope na mawe, na huliwa na kutu, kwa hiyo ichunguzwe kutoka chini.

Dalili moja yafaa iandikwe kwa wino mwekundu. Ikiwa mafuta ya breki yanapungua mwezi hata mwezi na hakuna gurudumu lililolowa wala bomba linalotiririka, masta silinda inavuja kwa nyuma, na busta inayanywa mafuta hayo. Gari la petroli laweza kutoa moshi mweupe kwa sababu hiyo. Mafuta yakiisha kuingia ndani hukiharibu kiwambo. Anayenunua busta bila kutengeneza masta silinda atanunua nyingine tena. Kadhalika, chombo cha mafuta ya breki kisijazwe mafuta ya injini hata kwa dharura, kwa kuwa yatavimbisha mipira yote ya mtambo.

Kuhusu matengenezo, bomba bovu hubadilishwa lote. Haliviringishwi kwa utepe, wala halikatwi na kuungwa kwa kipande cha bomba la maji, kwa sababu bomba lisilo na nyuzi za kulishupaza hujibana lenyewe likipata joto na kunyonywa. Wapo wanaoziba mdomo wa manifoldi kwa bolti ili injini itulie, wakasema gari limepona. Gari hilo halina busta tena. Busta yenyewe haifunguliwi kwa patasi. Ndani yake mna springi yenye nguvu. Kwa baadhi ya busta za zamani huuzwa vifaa vya kuzitengeneza, lakini kazi hiyo ni ya karakana yenye zana zake. Busta iliyotolewa katika gari lililokufa yaweza kufaa, ila ikumbukwe kwamba mpira wake una umri ule ule. Ifanyiwe majaribio kabla ya kulipiwa. Na fundi anapofunga busta nyingine, urefu wa fimbo linaloingia masta silinda hauna budi kupimwa. Likizidi, breki hushika zenyewe na dramu huchemka. Likipungua, pedali hushuka mno.

Sehemu iliyobaki ni ya katibu na kamati. Kila chama chenye gari kiwe na daftari la gari ambamo dereva huandika ubovu kwa mkono wake, pamoja na tarehe, na katibu hutia sahihi kando yake kwamba amesoma. Maneno ya mdomo jioni hayatoshi, wala hayamlindi dereva wala katibu siku ya kuulizwa. Hati ya malipo kwa karakana isiidhinishwe mpaka majaribio yale matatu yarudiwe uani mbele ya katibu, na kipuri kikuukuu kirudishwe ofisini kikiwa na tarehe yake. Mkaguzi akiuliza kwa nini busta ilinunuliwa, kiwambo kilichopasuka kitamjibu kuliko risiti.

Lililo gumu zaidi ni kulisimamisha gari katikati ya msimu. Wakulima wamekwisha vuna, mnunuzi anangoja Mombo, na gari la kukodi litapunguza malipo ya kila mwanachama. Katibu asiachiwe aamue peke yake huku watu wamemzunguka. Yafaa kamati ipitishe mapema, kabla ya mapokezi kuanza, kwamba gari lililoshindwa jaribio lolote kati ya yale matatu halipakiwi. Kwamba dereva anayelikataa gari kwa sababu hiyo hakatwi posho. Na kwamba fungu dogo la kukodi gari jingine liwekwe katika makisio ya mwaka. Uamuzi huo uandikwe katika muhtasari na usomwe mbele ya dereva.

Vikundi vya kujifunza vitakavyolisoma somo hili vyashauriwa kukutana penye gari lenyewe. Dereva na awaonyeshe wenzake mahali ombwe linapotoka, kama ni manifoldi au pampu, na kama ni pampu, mkanda wake una hali gani. Katibu na atafute katika vitabu vya chama ni mwaka gani bomba la busta lilibadilishwa mara ya mwisho. Kisha wajadili: leo gari likishindwa jaribio la tatu, saa moja kabla ya kupakia, ni nani mwenye haki ya kuchukua funguo, na haki hiyo imeandikwa katika muhtasari upi?